Hali ya Hewa na Tabianchi

Maandishi yawaendeayo wanavijiji wa milima ya Kondoa, mkoani Dodoma, mara nyingi hutumia "hali ya hewa" kwa mvua ya juma hili na kwa mwenendo wa miaka 30. Kosa hili si dogo. Mkulima aambiwaye kuwa hali ya hewa imebadilika hujibu, na ana haki, kuwa hubadilika kila siku. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973 na kuondoa mifugo Kondoa mwaka 1979, uliweza angalau kuonyesha korongo kwa kidole. Tabianchi haionyeshwi hivyo. Twaomba wafasiri waandike "tabianchi", na waieleze papo hapo kwa misimu ambayo wazee wenyewe wanaikumbuka.