Nakshi, Pambo na Mwana Hiti: Uhakiki wa Istilahi za Urembo katika Sanaa ya Uluguru

Katika uchambuzi wa sanaa ya Waluguru wa Morogoro, maneno nakshi na pambo aghalabu huchukuliwa kuwa visawe. Uhakiki huu unapinga mtazamo huo. Nakshi limetokana na neno la Kiarabu naqsh, lenye maana ya kuchora au kuchonga. Asili hiyohiyo imekipa Kituruki nakış, yaani tarizi. Nakshi, basi, hukaa juu ya kitu. Pambo, kwa upande wake, limenyambuliwa kutokana na kitenzi cha Kibantu pamba. Desturi ya kumpamba maiti kwa pamba huweza kushawishi msomaji kuyaunganisha maneno haya mawili. Hata hivyo, jina la zao hilo lina asili ya Kiajemi, na mfanano wa sauti si ushahidi wa nasaba. Kitenzi hiki humtaka mpambaji na mpambwa.

Tofauti hiyo hudhihirika katika mwana hiti, sanamu ndogo ya mti inayohusishwa na unyago wa wasichana miongoni mwa Waluguru, Wakwere na Wazaramo. Nywele zilizochongwa kichwani ni nakshi ya fundi. Shanga zinazovishwa sanamu ni pambo, nazo ni sehemu ya malezi ambayo mwali hujifunza kwa kuitunza sanamu kama mtoto. Maelezo ya makumbusho yanayoita yote hayo “mapambo” humtambua fundi peke yake, na kumwacha mwali nje ya sanaa aliyoshiriki kuikamilisha.