Mkataba wa Kuwafunza Wanamaji Matengenezo ya Boti

Special Boat Team 22, kikosi cha Jeshi la Majini la Marekani chenye makao Stennis, Mississippi, hutumia boti za mitoni aina ya SOC-R. Boti hiyo ina urefu wa takriban mita 10 na huendeshwa na wanamaji wanne. Injini zake mbili za dizeli za Yanmar, zenye nguvu za farasi 440 kila moja, huzungusha jeti za maji za Hamilton badala ya pangaboi za nje. Jeti huiwezesha boti kupita penye kina kifupi, lakini pamoja na maji hufyonza mchanga na magugu. Hitilafu ikitokea mtoni, karakana iko mbali. Kwa hiyo waendeshaji ndio mafundi wa kwanza.

Mafunzo ya ufundi huo yanaponunuliwa kwa mkandarasi, kazi huanza kwa kuandika mahitaji. Kanuni za ununuzi za serikali ya Marekani, FAR, hupendelea maelezo ya kazi yanayotaja matokeo, si namna ya kuyafikia. “Siku tano za darasa la dizeli” ni maelezo dhaifu, kwa kuwa mkandarasi hutimiza mkataba hata kama hakuna aliyejifunza. Maelezo thabiti hutaja injini, hitilafu na kipimo: mwanafunzi aondoe hewa kwenye njia ya mafuta, kisha injini iwake.

Jeti inaonyesha kwa nini kipimo kinahitajika. Injini ikizunguka kwa kasi huku boti ikipoteza mwendo, huenda magugu yameziba wavu wa kuingizia maji, au mchanga umekula panga la ndani na pete inayolizunguka, nafasi kati yake ikapanuka. La kwanza husafishwa papo hapo. La pili huhitaji kupima nafasi hiyo na kubadilisha vipuri. Kutofautisha mawili haya hujifunzwa kwa mikono.

Kisha huja uteuzi wa mzabuni. Ushindani ndio kanuni. Ununuzi kutoka chanzo kimoja huruhusiwa iwapo ni mmoja tu awezaye kutimiza hitaji, kwa mfano mtengenezaji anayemiliki miongozo na programu ya uchunguzi wa injini, na sababu lazima ziandikwe.

Bei isiyobadilika huifaa kazi hii, kwani idadi ya wanafunzi na masomo hujulikana mapema. Mkataba pia hueleza nani ataleta injini ya mazoezi, zana na vipuri, na nani atabaki na miongozo baada ya kozi. Mambo haya yasipoandikwa, huzaa madai ya nyongeza.

Wakati wa utekelezaji, mwakilishi wa afisa mikataba hushuhudia majaribio na kuthibitisha kazi kabla ya malipo. Hana mamlaka ya kubadilisha masharti. Hayo ni ya afisa mikataba peke yake.