Ngome Husomwa kwa Miguu

Treni inayopita bonde la Rhine kati ya Bingen na Koblenz humwonyesha abiria ngome moja baada ya nyingine. Kabla hajauliza jina la hii, ile imeshafika dirishani. Bonde hilo la kilomita 65, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2002, lina ngome 40 hivi juu ya vilima vyake. Abiria ataondoka na picha nzuri. Kazi ya mwashi aliyezisimamisha kuta zile, hata hivyo, haionekani kwa mwendo wa treni. Anayetaka kuiona hana budi kuteremka stesheni, kukaza kamba za viatu na kuupanda mlima kwa miguu yake.

Nianze na Burg Eltz, kando kidogo ya mto Mosel. Kutoka stesheni ya Moselkern njia hufuata kijito cha Elzbach ndani ya msitu, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Miti imefunga pande zote, na kwa muda mrefu msafiri haoni chochote ila maji na majani. Kisha bonde linafunguka, na ngome imesimama juu ya mwamba uliozungukwa na kijito pande tatu. Jina la ukoo wa Eltz limo kwenye hati ya mwaka 1157, na ngome bado ni mali yao. Kwa karne nyingi matawi matatu ya ukoo huo yaliishi humo pamoja, kila tawi na nyumba yake, nyumba zote zikielekea ua mmoja. Ngome haikuwahi kubomolewa, ingawa mwaka 1331 Askofu Mkuu Balduin wa Trier alijenga ngome nyingine, Trutzeltz, kwenye kilima cha jirani ili airushie mawe. Magofu yake yapo hadi leo, na mpita njia huyaona.

Watu husifu minara ya Eltz. Mimi nasifu kitako chake. Waashi hawakuuchonga mwamba uwe tambarare, waliufuata ulivyo. Ukuta unapinda pale mwamba unapopinda, na vyumba vya ndani vikatoka na pembe zisizolingana kwa sababu mlima haukutoa nafasi ya pembe mraba. Aliyefika kwa miguu, akiwa ameupapasa mwamba huohuo kwenye vijia vya msituni, huelewa mara moja kwamba ukuta ni mlima uliorefushwa. Fundi mzuri huanza kwa kuisikiliza ardhi.

Miguu hufundisha jambo jingine: uzito. Mtu aliyebeba chupa ya maji na kipande cha mkate anafika kileleni akihema. Akitazama ukuta mnene kuliko urefu wa mkono wake, atajiuliza mawe yale yalipandaje. Jibu mara nyingi liko chini ya daraja. Ngome nyingi za vilimani zimekatwa na handaki upande unaoungana na mlima, na mawe yaliyochimbwa kwenye handaki ndiyo yaliyojengea ukuta. Shimo likawa kinga, na kilichotoka shimoni kikawa kinga ya pili. Kila pigo la sururu lilifanya kazi mara mbili, na jiwe halikubebwa mbali. Sijui hesabu ya ujenzi iliyo nzuri kuliko hiyo.

Mawe makubwa zaidi yalihitaji winchi. Kwenye kazi kubwa za zama zile winchi iliendeshwa na gurudumu kubwa la mbao, na ndani yake wanaume walitembea. Kamba ilijiviringisha, jiwe likapanda. Kwa hiyo hata huko juu jiwe lilifika kwa hatua za watu, moja baada ya nyingine, siku nzima, bila wao kusogea mbele hata pima moja.

Ukutani mafundi wameacha alama. Pale Trifels, juu ya mji wa Annweiler, ambako Mfalme Richard wa Uingereza alizuiliwa mwaka 1193, mnara mkuu umejengwa kwa mawe mekundu yaliyosawazishwa kingo tu, uso wake ukaachwa umevimba. Kwenye kuta nyingine za mawe ya kuchonga utaona kitundu kidogo katikati ya jiwe: hapo ndipo koleo la winchi lilipong'ata. Matundu ya mraba yaliyojipanga kwa safu ni mahali pa boriti za jukwaa, waliposimama waashi. Na hapa na pale, ukiinama, utakuta mchoro wa mistari michache, alama ya mchongaji, ambayo kwayo msimamizi alijua nani amechonga jiwe lipi na alipwe kiasi gani. Mistari hiyo huchukua sekunde chache kuisoma, lakini lazima uwe karibu kiasi cha kuigusa.

Kinachoyashika mawe hayo ni chokaa, na hapa msomaji aliyekulia Lamu, Kilwa au Unguja hahitaji maelezo mengi. Pwani yetu ilichoma matumbawe. Wajerumani walichoma mawe ya chokaa katika matanuri, wakayazima kwa maji, wakaiacha chokaa shimoni ikomae. Kanuni ni moja pande zote mbili. Chokaa hukauka polepole, ikivuta hewa na kugeuka jiwe tena. Ukuta ukitikisika kidogo, nayo hukubali. Unyevu ukiingia, huuachia utoke. Saruji haina uvumilivu huo: huyafungia maji ndani, na jiwe laini huanza kumeguka. Ndiyo maana wanaohifadhi ngome za zamani wamerudi kwenye chokaa, na fundi anayejua kuipima kwa macho na mwiko anatafutwa.

Kaskazini, katika tambarare za Münsterland, hakuna vilima vya kutegemea. Huko nenda na baiskeli. Njia iitwayo 100 Schlösser Route ina zaidi ya kilomita 900, ikipita kando ya mashamba na vijito kutoka ngome hadi kasri. Pedali zikizunguka bila shida saa nzima, mapaja yenyewe yanauliza: adui alizuiwa na nini hapa? Alizuiwa na maji. Burg Vischering, karibu na Lüdinghausen, ilianzishwa mwaka 1271 na bado imekaa katikati ya ziwa lake la kuchimbwa. Ngome nyingi za namna hiyo zilisimamishwa juu ya nguzo za mwaloni zilizopigiliwa kwenye tope. Mti ukibaki majini hauozi, kwa kuwa hewa haiufikii. Maji yakipungua, nguzo huanza kuliwa, na ukuta ulio juu hupasuka. Maji yaliyomzuia adui ndiyo yanayouhifadhi msingi, na anayeitunza ngome hulitunza ziwa kwanza.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Katika habari za ngome, pete alivikwa bwana. Jina lake limo katika hati, na nembo yake iko juu ya lango. Waliobeba mawe mara nyingi walikuwa wakulima waliodaiwa siku za kazi bila malipo, na walichokijenga kiliwasimamia wao wenyewe. Siwezi kuisifu ngome nikalisahau hilo. Lakini naona ni haki kuitenga kazi na amri. Amri ya bwana imekwisha. Ulinganifu wa kona, mteremko wa paa unaokimbiza mvua, upinde wa lango usiohitaji chuma, hivyo bado vinafanya kazi, na ni mali ya waliovijua.

Ujuzi huo haujafa. Marksburg, iliyo juu ya mji wa Braubach na ambayo haikuwahi kubomolewa, ilinunuliwa mwaka 1900 na chama cha hifadhi ya ngome kilichoundwa mwaka mmoja kabla. Na kwenye barabara za Ujerumani bado unaweza kukutana na vijana waliohitimu ufundi wakisafiri na kifurushi na fimbo, miaka mitatu na siku moja, wakifanya kazi kwa fundi huyu na yule, bila kukaribia nyumbani kwao kwa kilomita 50. Maseremala huvaa nguo nyeusi, waashi za rangi ya mawe. Wanajua kwamba mkono hujifunza kwa kukutana na mikono mingine, na kwamba njia ni sehemu ya shule.

Atakayepata nafasi, basi, ashuke Moselkern au Braubach, na kabla ya kununua tiketi ya kuingia ndani auzunguke ukuta kwa nje taratibu, akitazama maungio. Asikie habari za mabwana wa huko baadaye. Kwanza amkute fundi.