Ubora wa Dumu Uko Kitakoni

Siku hizi sokoni kuna mchezo ambao haukosi watazamaji. Mchuuzi anapindua ndoo mpya, anaipanda kwa miguu miwili, anarukaruka juu yake, na wapita njia wanapiga makofi huku wakitoa pochi. Jirani yake kashika dumu la lita 20 linalong'aa, analigonga ubavuni kwa vifundo vya vidole, linalia ko-ko, na mnunuzi anatikisa kichwa kwa ridhaa: hili ndilo lenyewe, gumu. Kwa hakika hapo hakuna kilichopimwa. Ndoo iliyopinduliwa inabeba mtu kwa sababu ya umbo lake, na hata ndoo mbovu itambeba huyo mchuuzi pamoja na shemeji yake. Ama ule ugumu wa ubavu, mara nyingi ndio ugonjwa wenyewe. Chombo cha maji cha plastiki kinasifiwa kwa mambo mawili: kinavyokubali kubonyea kisha kikarudi, na kilivyofungwa pale kilipofungwa. Mengine ni mapambo ya duka.

Tuanze na hilo la ugumu, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Poliethilini ni minyororo mirefu iliyosokotana, na urefu wa minyororo hiyo ndio unaofanya dumu lianguke kutoka kichwani bila kupasuka. Mwenye kiwanda anayebana matumizi husaga makreti na mabeseni yaliyokufa, ambayo tangu mwanzo yalitengenezwa kwa plastiki ya minyororo mifupi, akayachanganya humo. Mwingine huongeza chaki. Chaki ni bei rahisi, inakakamaza ubavu na kuongeza uzito, kwa hiyo mnunuzi anayepima ubora kwa kuinua mkononi anaibiwa huku akishukuru. Poliethilini ina uzito wa gramu 0.95 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, chaki ina 2.7. Kata kipande kidogo kwenye ukingo wa dumu lililokufa la aina hiyo hiyo, kitie majini. Kikielea, sawa, ingawa chaki kidogo bado inaweza kujificha. Kikizama, ulikuwa unabeba jiwe. Wamarekani wenyewe walijifunza somo hili la ugumu kwa hasara: kampuni ya Phillips ilipoanza kuuza poliethilini yake ngumu miaka ya 1950, mabomba ya kwanza yalipasuka na maghala yakajaa mali isiyo na mteja, mpaka mwaka 1958 ulipozuka wazimu wa hula hoop na watoto wakaizungusha viunoni plastiki iliyoshindwa kuwa bomba. Kwa pete ya kuchezea ilifaa. Pete haibebi maji.

Sasa tuje kwenye kitako, mahali ambapo asiyejua hatazami kamwe. Yeye hupitisha kidole kwenye mstari wa ubavuni, ule unaopanda hadi begani, akiamini ndipo dumu litakapoachia. Mstari ule ni alama tu ya pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Chini yake plastiki ni ngozi moja. Mashine hushusha mrija mnene wa plastiki ya moto, kalibu inaubana, hewa inapulizwa, mrija unavimba hadi kuta. Mahali pa kujiunga kwa kweli ni pale kalibu ilipoukata na kuubana mrija wenyewe kwa wenyewe: kwenye mkono, na kitakoni. Wa mkononi unapumzika dumu likishatuliwa. Wa kitakoni umebeba kilo 20 za maji usiku na mchana, ukitupwa chini kutoka kwenye baiskeli na kuburutwa sakafuni. Basi geuza dumu. Kitako kizuri kimeingia ndani kidogo, ili mshono usiguse ardhi. Kama kimetuna nje na dumu linayumba likisimamishwa mezani, ujue fundi mitambo alilitoa kwenye kalibu kabla halijapoa, kwa sababu bosi alitaka idadi. Kisha washa tochi ya simu, ielekeze ndani kupitia mdomoni, na utazame kitako kwa nje ukiwa kivulini. Dumu la njano hupitisha mwanga, na mwanga hausemi uongo. Mshono uliobanwa sawasawa unasukuma plastiki kidogo ndani, hivyo pale ni pazito na mstari unaonekana wa giza. Mshono mbovu umeacha mfereji kwa ndani, na mstari wake unang'aa kuliko kitako chote. Huo ndio utakaovuja. Ukiwa hapo hapo angalia na kona mbili za chini: ndiko plastiki ilikovutwa mbali zaidi, na kona inayong'aa mno ni kona iliyobaki utando.

Anayedhani nimekikuza mno kitako atazame vita vya jangwani huko Afrika Kaskazini. Waingereza walikuwa wakibeba petroli kwenye makopo ya bati jepesi ya galoni nne, jamaa wa madebe tuliyoyajua huku kwetu, na makopo hayo yalivuja kwenye viungo hadi jangwa likanywa sehemu kubwa ya mafuta yao. Wajerumani walikuwa na kopo la lita 20 lililosanifiwa mwaka 1937 na Vinzenz Grünvogel: nusu mbili za chuma zilizochomelewa, mikono mitatu, na ubavu wenye mikunjo inayolipa nafasi ya kutanuka. Waingereza walikuwa wakiyaokota ya adui, wakayatumia kwa furaha, na hatimaye wakayaiga. Petroli ilikuwa ile ile pande zote mbili, na aliyeshinda ni kiungo. Dumu la plastiki limerithi umbo hilo, na limerithi pia pale pa kufia.

Wanaoijua plastiki bila kusoma popote ni mafundi wa kuziba madumu wanaokaa pembeni ya soko na jiko la mkaa. Fundi wa kweli haanzi na chuma cha moto. Kwanza anachoma ncha ya kipande na kunusa. Harufu ya mshumaa na matone yanayodondoka, hiyo ni poliethilini. Ikizimika yenyewe na kuwasha pua, anakurudishia mali yako. Kisha anatafuta kiraka cha plastiki ya ukoo huo huo, maana poliethilini na polipropilini haziungani hata uziyeyushe mchana kutwa. Tapeli anafanya haraka zaidi: anasugua sabuni ya kipande kwenye ufa, anapaka moto juu juu, maji yanasimama mpaka ufike nyumbani. Ubaya ni kwamba sabuni ndiyo adui wa poliethilini iliyo kwenye mkazo, na huukaribisha ufa badala ya kuufukuza. Ndiyo maana dumu la sabuni ya maji hupasuka kitakoni likiwa limetulia stoo, na mwenye nalo akawasingizia watoto.

Kuna watakaosema haya ni madoido: kitu chenyewe cha mashine, ufundi uko wapi? Mashine haijui kusubiri. Kuna mtu aliyepanga joto, aliyeamua mrija uwe mnene wapi na mwembamba wapi, aliyekubali au kukataa kupunguza sekunde za kupoza, na uamuzi wake unasomeka kitakoni kwa yeyote mwenye tochi. Hoja nzito zaidi ni ya bei, kwamba maskini hachagui. Hapa nabisha kabisa. Dumu lililoletwa na mafuta ya kula mara nyingi ni bora kuliko dumu jipya la dukani na ni rahisi kuliko hilo, kwa kuwa lilitengenezwa kuvumilia kurundikwa kwenye lori likiwa limejaa. Sharti moja tu: lisiwe limewahi kubeba dawa za shamba au mafuta ya taa. Poliethilini imezaliwa na mafuta ya ardhini na inamnywa ndugu yake. Hakuna majivu wala ndimu itakayoitoa harufu hiyo, na la dawa usilitumie kwa maji hata likiwa halinuki. Na wanaotazama ile namba ndani ya pembetatu wakidhani ni daraja, hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1988 kuwasaidia wachambuzi wa taka. Namba 2 ni poliethilini ngumu, namba 5 ni polipropilini. Dumu bovu kuliko yote lina 2 safi kabisa.

Yaliyobaki ni machache. Dumu la maji ni la njano. Jekundu halina heshima jikoni. Mkono uchukue vidole vinne bila kubana. Kifuniko kifunge kwa mizunguko miwili, si nusu. Karibu na mshono kuna duara dogo lenye tarakimu 1 hadi 12 na mshale katikati: mshale unaonyesha mwezi, tarakimu za kando yake mwaka. Kiwanda kinachokumbuka kuugeuza mshale huo kila mwezi kinakumbuka na mengine. Madumu ya zamani yalikuwa na maandishi yaliyosimama vizuri hata ukayasoma kwa kidole gizani, yakafuata bibi harusi, yakarudi na mjukuu. Ya sasa yanabandikwa karatasi inayobanduka siku ya kwanza, na jua la barazani linamaliza kazi kabla hayajauzwa. Nenda na tochi, na ugeuze dumu kabla ya kuuliza bei. Muuzaji akikukataza kuligeuza, mrudishie, nenda duka la pili.