Kicheko na Gharama Yake: Socrates katika Vichekesho vya Redio

Iwapo tashtiti hupimwa kwa jeraha inaloacha, basi Acropolis Now, mfululizo wa vichekesho uliotangazwa na BBC Radio 4 kati ya 2000 na 2002, haukumjeruhi yeyote. Jina lake, lililofinyangwa kutokana na lile la filamu Apocalypse Now (1979), linadokeza mbinu yake: kuivika Ugiriki ya kale vazi la leo. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo la mbinu hii si kuchanganya nyakati, kwani hiyo ni haki ya kila mchekeshaji. Tatizo ni kwamba mtani na mtaniwa hawaishi tena mji mmoja.

Aristophanes aliishi mji mmoja na mtaniwa wake. Mnamo 423 K.K. alimsawiri Socrates katika Mawingu akining'inia kapuni, bwana wa shule ambamo mdaiwa hujifunza kuwakwepa wadai wake kwa hoja potofu. Mchezo huo uliambulia nafasi ya mwisho mashindanoni. Hata hivyo, Socrates aliposhtakiwa mwaka 399 K.K., Utetezi wa Plato unamwonyesha akikitaja kichekesho hicho alipoeleza chimbuko la chuki dhidi yake. Yamkini baadhi ya waliocheka ndio waliokuja kumhukumu.

Redio humvua Socrates kinyago na kapu, ikambakizia sauti. Kinadharia, hapa ndipo mahali pake hasa: hakuacha maandishi yoyote, alifundisha kwa kuuliza. Lakini fani ya mfululizo ina masharti yake. Kichekesho hudai kicheko kila baada ya sentensi chache, ilhali swali la Socrates hudai kimya. Tena, mhusika wa mfululizo sharti arejee wiki ijayo. Kikombe cha sumu huahirishwa daima. Msikilizaji anaujua mwisho ambao wahusika hawaujui, na katika pengo hilo mna kinaya ambacho mtunzi akikipuuza huwa ametupa silaha yake kali kuliko zote.

Kwa hiyo, mhakiki wa vichekesho vya aina hii asitosheke kuuliza kama Athens imesawiriwa kwa usahihi. Aristophanes mwenyewe hakuisawiri hivyo. Swali la msingi ni hili: kicheko hiki kinamgharimu nani? Pasipo wa kulipa, kilichobaki ni mzaha. Na mzaha, hata uwe mtamu vipi, si tashtiti.