Mng'ao wa Chungu cha Kyela

Sokoni Kihesa, mteja anayejua vyungu hugonga chungu kwanza. Kikilia kwa sauti kavu inayoitika ni kizima. Kikitoa sauti nzito, kina ufa hata kama jicho haliuoni. Mimi nikishagonga hukiinamisha kwenye mwanga, nitazame bega lake.

Bega ni pale tumbo la chungu linapopinda kwenda shingoni. Kwenye vyungu vya Wakisi, ambavyo huku Iringa tunaviita tu vya Kyela, hapo ndipo wekundu na weupe wa udongo hukutana. Ukisogeza uso karibu utaona michirizi myembamba, imelala sambamba, mmoja ukigusa mwingine. Kila mchirizi ni njia ya kokoto moja, jiwe laini ambalo mfinyanzi alilipitisha akikandamiza, akarudi, akapitisha tena. Chungu kizima kimefunikwa na njia hizo.

Wafinyanzi ni wanawake wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa karibu na Matema, na vyungu vyao huondoka kijijini kwa mitumbwi. Hawana haja ya kioo wala madini ya thamani. Udongo una vijipande bapa vidogo mno. Jiwe huvilaza vyote upande mmoja, na uso ukianza kurudisha mwanga, chungu kimeng'aa. Ila saa ya kazi hiyo ni fupi. Udongo ukiwa mbichi, jiwe linauburuta. Ukikauka sana, linaukwaruza. Kisha moto: vyungu huchomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi, pasipo tanuri. Moto ukipanda kupita kiasi mng'ao wote hufa, ukipungua chungu hakiivi na maji yatakirudisha kuwa tope. Mwanamke anayepima hayo kwa macho, kwa rangi ya moto na upepo wa ziwani, ni fundi wa daraja la juu kabisa.

Nayasema haya nikiwafikiria mafundi wa Kashan, Uajemi, ambao mabakuli yao ya karne ya 12 na 13 hushindaniwa leo kwenye minada ya London. Wao walitafuta mng'ao kwa njia ndefu zaidi. Abu'l-Qasim, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi wa mji huo, aliandika kanuni zao mwaka 1301: mafungu 10 ya unga wa mawe meupe, fungu 1 la kioo kilichosagwa, fungu 1 la udongo mweupe. Bakuli lililokwisha kuchomwa na kuvishwa ngozi ya kioo lilichorwa kwa mchanganyiko wenye fedha na shaba, likarudishwa kwenye tanuri lenye moshi na hewa haba. Lilitoka limepakaa weusi; fundi akalifuta, na chini yake pakawa na dhahabu isiyokuwa dhahabu. Ni kazi ya kustaajabisha, na sioni sababu ya kuipenda hiyo na kukipita chungu cha Ikombe.

Tofauti inayoniuma iko kwingine. Fundi mmoja wa Kashan, Abu Zayd, aliandika jina lake na tarehe kwenye bakuli mwaka 1186, na mpaka leo wanunuzi wanamtaja. Vyungu vya Kikisi nilivyowahi kuvigeuza kitako havina jina. Muuzaji wa Kihesa amenunua kwa mchuuzi, naye mchuuzi amenunua kwa mwingine. Jina la mama aliyekifinyanga chungu hata Uyole, njiani kuja huku Iringa, halifiki. Kulihifadhi hakugharimu kitu. Kabla chungu hakijachomwa, udongo ungali laini, kijiti kilichochongwa kinatosha kuandika chini ya kitako, na sisi wanunuzi tungeweza kuanza kwa kuwaagiza wachuuzi watuletee vyungu vyenye majina.