Mashua ya Babu na Bentley ya Pauni Milioni 10

Nilipofika Chundwa msimu huu wa kaskazi nilikuta mnunuzi amenitangulia. Alikuja kwa boti ya kukodi, akashuka ufukweni, akaizunguka mashua ya babu mara mbili simu mkononi, akipiga picha ubao kwa ubao. Halafu akamwambia ami yangu maneno ambayo hayajanitoka kichwani: msiiguse. Msiipake rangi, msiisugue, msizibe hata tundu moja la wadudu. Anaitaka vile vile ilivyo. Na bei aliyotaja, mvuvi yeyote wa Pate asingeifikia.

Mimi mtoto wa mjini nikafurahi. Nikasema huyu sasa ni mtu anayejua thamani ya kitu cha asili. Nikamuuliza ami, ataiweka wapi? Ami akacheka kidogo. "Ataipasua."

Ndiyo biashara yenyewe. Mbao za vyombo vikuukuu zinageuzwa meza, fremu za vioo, milango ya hoteli. Rangi iliyobanduka ndiyo inayouzwa, na kovu la msumari ndilo linaloongeza bei. Kwa hiyo mtu aliyejali kuliko sote uasili wa mashua yetu ndiye huyo huyo aliyetaka isiingie majini tena. Nimeshindwa kumchukia, maana kwa muda wa dakika kumi hivi tulikuwa na akili moja, mimi na yeye.

Hili neno "asili" tunalitumia ovyo. Tunalitaja kama vile ni kitu kilichomo ndani ya mbao, ambacho ukibadilisha ubao kinatoka, kama harufu. Waliogombana zaidi juu ya neno hili ni wapenzi wa magari ya zamani, na ugomvi wao mkubwa uliamuliwa mahakamani.

Kuna Bentley moja inaitwa Old Number One. Ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1929, ikashinda tena 1930. Baadaye ikabadilishwa mara nyingi: injini nyingine, bodi nyingine. Mwaka 1932 ilipata ajali mbaya katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, na dereva Clive Dunfee akafariki. Ikatengenezwa tena, ikavishwa bodi nyingine, na baada ya miaka mingi ikarudishiwa sura ya zamani. Mwaka 1990 mwenyewe akakubaliana na kampuni moja waiuze kwa pauni milioni 10. Kisha kampuni ikasita. Ikadai hii si Old Number One, kwa sababu karibu kila kitu kilichokimbia Le Mans kimeshaondolewa.

Jaji Otton akaamua dhidi ya mnunuzi. Alikubali kwamba gari lile si lile lile la 1929 kwa maana ya vyuma vyake. Lakini pia si nakala, wala si mzoga uliofufuliwa. Historia yake haikukatika hata siku moja. Kila badiliko lilifanyika juu ya gari lililokuwepo. Kwa hiyo ndilo lenyewe, na pesa zilipwe.

Niliisoma hukumu hiyo nikaikumbuka mashua ya babu. Mkuku ni wa zamani. Mataruma mengi yamebadilishwa. Mbao za ubavu wa kushoto ziliwekwa baada ya babu kufariki, tanga ni la juzi, mlingoti ulitoka kwenye chombo cha jirani. Hakuna hata mwaka mmoja ambao watu wa Chundwa waliitazama wakauliza hii ni ya nani. Kwa sheria ya Jaji Otton, hii ni mashua ya babu, yote, pamoja na msumari ulionunuliwa Lamu mjini mwezi uliopita.

Nilitaka makala iishie hapo. Lakini hukumu ya jaji inatazama nyuma tu. Inakwambia kitu kimetoka wapi. Haikwambii kama kitafika kesho, na kwetu sisi hilo ndilo swali.

Chukua mtepe. Huu ndio uliokuwa chombo cha fahari cha visiwa vyetu, cha Wabajuni na watu wa Pate. Haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lilikuwa la mraba, la ukili uliosukwa kama mkeka, na omo yake ilichongoka mbele kama shingo ya ngamia. Wazee husema ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Ulibeba boriti za mikoko kupeleka kusini. Ulivuja, kwa hiyo mabaharia walikumba maji safari nzima, na ushonaji wake ulitaka kurudiwa kila baada ya muda. Katika miaka ya 1930 ulikuwa unatoweka. James Hornell alipochapisha maelezo yake kuhusu mitepe na madau ya Lamu mwaka 1941, alikuwa anaandika karibu tanzia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukajengwa mtepe mwingine Zanzibar, ukaitwa Shungwaya, ukasimamishwa katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib. Nimeutazama sana katika picha. Ni kazi nzuri sana. Mishono imepangwa sawasawa kama ya kofia, na ukiuona utaelewa mara moja kwa nini watu walivuka bahari wakiamini kamba. Kama uasili ni vifaa na umbo, Shungwaya una maksi nyingi kuliko chombo chochote kilichofungwa gati ya Lamu leo.

Lakini ulikuwa chombo cha kutazamwa. Na anayetaka kujenga mtepe leo hana mzee wa kumuuliza aliyeshona mitepe maisha yake yote. Ana mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho, ana michoro, ana maandishi ya kina Hornell. Mnyororo ulikatika, anauunga kwa karatasi. Nalo jumba lenyewe likafungwa kwa sababu ya ubovu, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na kuua watu. Nyumba iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 nayo ilikuwa inadai mafundi wake.

Waomani waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1980 Tim Severin alipojenga Sohar kule Sur, jahazi la kushonwa lililosafiri hadi China, washonaji ilibidi watoke visiwa vya Lakshadweep, India. Miaka thelathini baadaye, katika Jewel of Muscat iliyofika Singapore mwaka 2010, mikono ya India ilihitajika tena. Mbao unaweza kuagiza popote, na kamba pia. Mkono unaojua kukaza mshono hauagizwi kama hakuna mahali ulipobaki ukifanya kazi.

Upande wa pili kuna Flipflopi. Vijana wengi mnaijua kwa picha: lile jahazi la rangi zote, lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, likashushwa majini Septemba 2018. Lilitumia tani 10 hivi za taka za plastiki na ndara 30,000. Mapema 2019 likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar. Nakiri kwamba mwanzoni nililidharau. Nililiona ni bango la kampeni lililopewa tanga, kitu cha kufurahisha wafadhili na kamera. Na bado nasema lina kelele. Rangi zake zinakuelekeza ufikirie nini kabla hujafikiri.

Ila tazama lilivyojengwa. Plastiki iliyeyushwa ikawa mbao, mkuku na mataruma, halafu mafundi wa Lamu wakaikata na kuiunga kwa maungio yale yale ya jahazi la mti. Mwili wake si wa mti, na bado kijana aliyefanya kazi pale aliondoka anajua namna taruma linavyokaa juu ya mkuku. Shungwaya ulihifadhi umbo. Flipflopi, pamoja na kelele zake zote, ilihifadhi kazi. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua kilichoacha mtu anayeweza kujenga kingine.

Hiki ndicho kipimo changu sasa, kwa mtepe, kwa Bentley, kwa nyumba ya matumbawe. Swali la ni kiasi gani cha zamani kimebaki huwa naliuliza la pili. La kwanza ni hili: baada ya ukarabati huu, je, kuna mtu wa kufanya ukarabati ujao?

Kipimo hiki hakinipendezi kila mahali, maana kimenirudia nyumbani. Mnunuzi aliondoka bila mashua; ami alimkatalia kwa adabu na kahawa. Baada ya hapo akanigeukia na mpango wake mwenyewe: anataka kuivisha faiba. Mashua itandikwe faiba nje yote, iwekwe injini, na habari ya kutia kalafati kila mwaka iishe. Ana miaka sitini na kitu, goti linamuuma, na mbao nzuri zimekuwa ghali.

Nikapinga. Nikamwambia faiba ikishavishwa, ubao utabaki ndani kama maiti katika sanda, na hakuna atakayemfundisha binamu yangu kalafati kwa sababu hakutakuwa na kalafati. Ami akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Wewe utakuja lini kupiga hiyo pamba?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Mkosoaji anayeishi mbali na chombo anapenda sana mikono ya watu wengine. Ningekuwa mkweli ningesema pia kwamba mashua yenye faiba inayovua samaki ni hai kuliko meza ya hoteli, na pengine kuliko mtepe uliosimama uani.

Tulikubaliana hivi: mwaka huu mbao, mwaka ujao tutaona. Nikachangia bei ya mbao mbili. Binamu yangu wa miaka kumi na sita akapewa patasi na nyundo, akaanza kusukuma pamba kwenye mwanya wa kwanza. Ami alikuwa ameketi kivulini, mgongo ametugeuzia, anasikiliza mlio tu. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Itoe. Umeilegeza. Anza tena." Binamu akaguna, akaitoa, akaanza tena.